Nani Aendeshe Hadi Stendi

Kutoka kwetu, ng'ambo ya Mwitongo, hadi stendi ya Butiama si mbali kwa mtu anayejua baiskeli. Na mimi najua. Nilijifunza nikiwa msichana, nikibeba pumba kutoka mashineni. Mume wangu analijua hilo, ila tangu tuoane kiti cha mbele ni chake, mimi keria.

Siwezi kusema ni mtu mbaya. Ndiyo shida yenyewe! Angekuwa mbaya ningepata cha kumshtakia kwa wazee. Ananiamsha, ananichemshia maji, anajaza upepo matairi. Halafu tukiingia barabarani anakanyaga taratibu kama anapeleka mayai sokoni. Lori la kokoto likisikika huko nyuma anashuka kabisa, tunasimama majanini hadi lipite.

"Mwenda pole hajikwai, mama watoto."

"Hajikwai, baba, lakini gari linamwachaga."

Na kweli lilikuwa linaniachaga, na la pili linakuja kujaa jua limeshapanda. Kazi yangu ilikuwa kupika chai na chapati kwenye kantini ya chuo, Musoma, na wanafunzi hawasubiri. Mama mwenye kantini alinivumilia, mwishowe akaniambia mbele ya wenzangu: "Dada, ukichelewa tena, baki huko huko." Kibarua kile ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho si cha ukoo wa mume. Nilikipenda jamani, hata moshi wake.

Jioni hiyo nikamwambia nitaendesha mwenyewe. Akakataa. Barabara ina malori, kichwa hakina spea. Yeye alikuwa na helmeti yake ya mtumba, watoto wa njiani wakimwita askari; mimi nyuma na kilemba tu. Nikamuuliza, kumbe kichwa changu mimi kina spea? Akaitazama ile helmeti yake. Kisha akasema, "Haya. Ukipata helmeti, tutaona."

Nikaishika hiyo "tutaona" kama ahadi, mjinga mimi.

Siku ya mnada alirudi kutoka Bunda nayo kwenye mfuko: nyekundu, mpya kabisa. Mama mkwe akapiga vigelegele. Jirani akasema, "Umepata mume, wewe! Wa kwangu hata mwavuli hajawahi kuninunulia." Nikacheka nao. Nilisonga ugali nimeivaa.

Asubuhi nikafunga mkanda wa kidevuni, nikashika usukani. Akauondoa mkono wangu, kwa upole ule ule.

"Panda nyuma, mama. Sasa hata tukianguka sina wasiwasi na wewe."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini utampigiaje kelele mtu aliyekununulia helmeti? Na mama mkwe yuko mlangoni, anatabasamu. Nikapanda. Malori yalikuwa mengi siku hiyo, na tulishuka kwa kila moja. Tunaingia stendi, gari la Musoma ndiyo linakata kona.

Machozi yakanitoka palepale, watu wakiniangalia. "Kibarua kimeota nyasi," nikamwambia. "Umesikia? Kimeota nyasi!"

"Pole," akasema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Cha muhimu tumefika wazima."

Nikapeleka mkono kidevuni nifungue ule mkanda, angalau nipumue. Akanishika mkono.

"Acha, usivue. Bado tunarudi nyumbani."