Namba za Kufungulia Pensheni ya Mama Zinaingia kwa Mtalaka Wangu

Admin, nifiche jina na usiweke picha, ndugu za huyu mwanaume wamo humu humu wanasoma. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Tabata na mama yangu mzazi. Mama ni nesi mstaafu, na pensheni yake ndiyo dawa zake za presha.

Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, vidole vya mama viligoma kusomeka. Alama zimefutika kwa kunawa madawa ya hospitali miaka yote ya kazi. Mume wangu wa wakati huo akasema, "Mama, usihangaike, tusajili kwa kidole changu, mie si mwanao?" Tukamshukuru sana. Nani hajawahi kusajiliwa laini na mtu wa nyumbani? Baadaye kipigo kilinishinda, nikadai talaka, nikarudi kwa mama.

Akaunti ya pensheni nilikuwa naifungua mimi kwenye simu ya mama, kwa neno la siri tu. Sasa wamebadilisha utaratibu. Ukitaka kuingia, zinatumwa kwanza namba za kuthibitisha kwenye laini ya mstaafu, na asipojihakiki humo malipo yanasimama. Huyo bwana aliposikia, akaenda kuchukua laini mpya yenye namba ile ile, maana iko kwa jina lake. Ya mama ikazima. Nilipompigia alicheka. "Rudi nyumbani kwako, namba nitakusomea mwenyewe. Si ulijifanya mjanja? Haya, fungua."

Nikaenda ofisi ya pensheni na mama. Dada wa dirishani alikuwa mpole tu. "Shikamoo mama. Kubadili namba ya simu, mfumo unataka kidole chako." Mama akaweka kimoja, akaweka vyote, mashine ikakataa. Tukaambiwa tukarekebishe kwanza alama za vidole kwenye kitambulisho cha taifa, na huko nako wanasema tusubiri tutaitwa. Malipo yameshasimama.

Nimechoka jamani, nalia hadi machozi yameniishia. Nikisema nirudi kule, mama anakuja juu: "Hurudi kupigwa kwa ajili yangu, mie nishaishi." Leo asubuhi ameniambia presha imepoa yenyewe, dawa nisihangaike nazo. Anasema hivyo huku kandambili hazimwingii, miguu imevimba.

Nikampigie magoti yule mwanaume, au nikae nimwangalie mama yangu akinidanganya hivi mpaka mwisho? Matusi naomba mniwekee akiba. Nishaurini, nifanye nini?