Kiungulia Kwenye Matuta ya Kijiji

Jamani, leo nimeitwa kupe mbele ya kijiji kizima, kisa kiungulia!

Tabibu wa zahanati aliniambia nile kidogo kidogo, na nikishakula nisiiname.
Nisiiname! Ufipa hii, msimu wa matuta!

Mchana tumekula ugali wa ulezi na maharage pale pale shamba la ujamaa, kisha wote wakarudi kwenye majembe. Mimi nikasimama wima, nangoja chakula kishuke.

Mwenyekiti wa kijiji akapaza sauti: "Ndugu, hapa hatufugi kupe!"

Nikamgeukia tabibu anitetee, naye alikuwa analima tuta la pembeni yangu.
Akameza mate, mkono kifuani, pale pale panaponiunguza mimi. Akainama, akaendelea kulima.

Nikainama. Maharage yakapanda hadi kooni.

Kesho ni maharage tena.
Nyie mnaoinama kimya, kiungulia chenu mnakiweka wapi?