Mlinzi wa Chumvi na Mtani Wake

Mimi kusoma nimesoma ukubwani, tena nusunusu, kwa hiyo anayesoma hapa anivumilie nikizunguka. Kwetu Nyangamara msichana alishika jembe kabla ya chaki, na chaki mimi nimeishika nikiwa na watoto wanne na nimeshaolewa mara mbili. Mume wa pili ndiye aliyenileta Kilwa Masoko. Akaondoka, mimi nikabaki nauza samaki wa kukaanga. Lakini si habari zake hizi.

Kisomo chetu kilikuwa baada ya alasiri, kwenye darasa la shule ya msingi, madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Ilikuwa miaka ile kila kitu kimekuwa ruksa. Maduka yamejaa, mitumba inamwagwa chini kwenye turubai, watu wazima wanatembea na makoti ya baridi katika joto la Kilwa, jasho linawatoka na hawavui. Kisomo ndicho kilikuwa kinakufa. Zamani balozi wa nyumba kumi alipita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu waende wakasome. Sasa aliyekuja alikuja kwa shida yake. Mimi nilichoka kusomewa kadi ya kliniki ya mwanangu na jirani mwenye mdomo.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja naye alikuwa na shida yake. Alikuwa mlinzi wa getini kwenye mashamba ya chumvi, mtu wa Kipatimu, Mmatumbi. Mashamba yale yalikuwa yamepata mwenyewe mpya, mfanyabiashara, naye aliwaambia walinzi kwamba mwisho wa mwezi atawapima. Anayeweza kuandika namba ya gari linaloingia na jina la dereva atabaki. Asiyeweza, arudi kwao. Hili alinieleza mwenyewe, kwa vipande vipande, kama wiki nzima, maana hakuwa mtu wa kusema sentensi mbili kwa mpigo. Tulikaa dawati moja. Alikuwa ameshafika kwenye kuandika namba. Herufi ndizo zilimsumbua.

Sasa, huyu bwana aliwashinda watu. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata kijana wa kumzaa. Nadhani kupima umri wa mtu usoni kulimpa taabu, maana usoni hakuwa anatazama, alitazama ukuta. Vijana wakaona wamepata mchezo. "Marahaba, mjukuu wangu!" Darasa zima linacheka. Wakishamaliza, yeye naye anacheka, peke yake. Hapo ndipo wanacheka tena, kuliko mwanzo.

Kinara alikuwa fundi baiskeli, Mngindo, mdomo mwepesi. Kwao na kina mlinzi ni watani, na mtani kwetu hana mipaka. Atakuita mchawi, atakuvua kofia, atakwambia mkeo ni wake, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Dawa yake ni kumrudishia. Mkirushiana mnachoka, mnacheka, mnakwenda zenu. Mlinzi hakuwa anarudisha. Kila siku alipigwa upande mmoja tu.

"Mtani, leo umeoga au chumvi ndiyo imekukausha?"

Mlinzi anatazama ukuta.

"Jamani mtani wangu bubu! Kwao wameuza ulimi wakanunua machungwa!"

Wengine ambao si Wangindo wala nani wakaingia humohumo, kila mmoja akajifanya mtani. Nikamwambia mwalimu. Mwalimu naye alikuwa amechoka, mshahara hauonekani, kavaa shati la mtumba lenye maandishi asiyoyajua. Akasema, "Mama, ninyi watu wazima. Siwezi kuwachapa viboko." Nikamwambia fundi mwenyewe. Akanitazama kama nimemtukana. "Dada, huo utani. Nikimnyamazia si atasema nimemchukia?"

Basi, nikanyamaza. Sikukasirika hata. Nakumbuka nilifikiri kuhusu mafuta ya kukaangia, kama yatatosha kesho.

Siku moja ya Jumatatu akaja amenyolewa kichwa chote, kipara kinang'aa. Wiki nzima iliyotangulia hakuonekana. Fundi akasimama kabisa.

"Mtani! Panya wa Kipatimu wamekufanya nini?"

Mlinzi akasimama pia, na hilo halijawahi kutokea. Akatazama ukuta, akasema kwa sauti ileile ya kusomea herufi, "Mama amekufa."

Fundi akapiga makofi. "Afadhali amepumzika kuiona sura yako!"

Darasa likalipuka. Kuna mmoja alianguka na dawati. Mlinzi akangoja kelele zipungue, akasema, "Tumemzika Ijumaa," akakaa. Wakacheka tena. Mwalimu akagonga ubao, akaandika silabi, tukasoma. Yeye hakusoma. Kalamu aliishika tu. Kengele ilipolia akatoka, nami nikatoka, nikaenda kuwasha moto.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Sokoni palikuwa na mama mmoja niliyezoea kununua kwake machungwa, anayaleta kutoka Kipatimu kwa lori. Nikamuuliza. Akasema eh, yule bibi kweli kafariki, mwanawe huyo ndiye alikuwa wa pekee, kalala naye hospitali ya misheni mpaka mwisho. Nikachagua machungwa yangu, nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha fundi. Alikuwa amepindua baiskeli, anaziba pancha.

"Yule mtani wako kazika kweli," nikamwambia.

Akaendelea kusugua mpira kwa msasa. Halafu akaacha.

"Wallahi dada, nilidhani ananijibu. Nilisema moyoni, leo mtani kachangamka, leo kajua. Nikafurahi, ndiyo nikamrudishia."

Nilimwamini. Ndivyo ilivyoonekana hata kwangu kwa dakika moja. Kwa watani maiti hutaniwa, kaburi hutaniwa, ni haki yao. Lakini haki ile ina kazi yake. Mtani ndiye anayechimba, anayeteka maji, anayepika, wenye msiba wakikaa. Nikamwambia, "Kama wewe ni mtani, maziko yamekupita. Arobaini ipo. Kama si mtani, basi siku zote ulikuwa unamtukana tu."

Akarudi kwenye mpira wake. Ila arobaini ilipofika alikuwa kwenye lori kabla yangu, na sufuria kubwa ya kuazima mapajani.

Barabara ya Kipatimu sitaisimulia, mgongo wangu unaijua. Tulifika tumekuwa wekundu kwa vumbi. Mlinzi alikuwa mkekani na wajomba zake. Akatuamkia shikamoo wote wawili. Hakuna aliyecheka. Kwao wamemzoea, anasema akitaka, anatazama anakotaka, chakula anapewa.

Fundi akavua shati, akaingia kazini. Alipasua kuni, akateka maji kutoka bondeni na kupanda nayo kilima, akakoroga wali wa watu wengi. Hitma ikasomwa, tukala. Wazee wakaanza kumtazama, maana mtani msibani anategemewa aseme. Asingizie marehemu amekwenda na deni lake la kuku, akatae kuondoka mpaka alipwe, watu wapumue. Yeye anaosha masufuria tu.

Bibi mmoja akapaza sauti, "Nyie, huyu mtani mmemwokota wapi? Mbona hasemi?"

"Labda bubu," mwingine akasema, na wanawake wakacheka.

Fundi akafungua mdomo. Niliona kabisa anatafuta neno. Akaufunga, akaendelea kusugua sufuria kwa majivu.

Mlinzi akasema pale mkekani, bila kugeuka, "Mwacheni. Wengine ndivyo walivyo."

Wakamwacha.

Tulipokuwa tunaaga, fundi akamfuata mpaka pembeni ya nyumba. Mimi nilikuwa karibu, nafunga kanga.

"Jumatatu uje darasani," akamwambia. "Nitakaa mbele, mbali na wewe. Sitasema kitu."

"Siji."

"Nimekwambia sitasema."

"Tajiri ameshapima," mlinzi akasema. "Mwisho wa mwezi ulipita. Namba niliandika. Jina la dereva sikuweza."

Fundi akasimama palepale, mikono ina majivu mpaka kwenye viwiko. Akauliza getini wameweka nani. Mlinzi akasema hajui. Akaingia ndani, akatoka na machungwa kwenye kikapu cha ukindu, akampa, maana mtani aliyefanya kazi haondoki mikono mitupu. Fundi akapokea.

Kwenye lori alikiweka kikapu miguuni na hakumenya hata moja. Mimi nilikuwa na kiu. Nikachukua langu kikapuni, nikala.