Mshale wa Ayoub uko nyuma ya mlango

Saa kumi na mbili asubuhi, Kiwengwa. Mashavu Silima amekaa kizingitini, tupa mkononi, ananoa chuma cha mshale wa kupigia samaki. Mbele yake mumewe, Ayoub, anamimina chai. Chai inapita pembeni ya kikombe na kuenea mkekani. Mashavu anafuta kwa kitambaa, kisha anarudi kwenye tupa yake.

Wavuvi wa upinde hapa wanahesabika kwa vidole. Maji yakitoka, huenda mwambani kupiga samaki, taa na changu, maji yakiwa magotini. Mishale yao yote hutoka kwenye kizingiti hiki. Akiuza mitatu kwa wiki Mashavu hushukuru, maana mwani anaoulima peke yake haumlishi mtu.

"Kazi hii kanifunza marehemu baba," anasema. "Fito nnakata mwenyewe, chuma nnakwenda kununua mjini, Darajani. Lakini kubwa ni kamba. Mshale wa samaki lazima uwe na kamba, ili samaki asende nao."

Kamba yake ni ya pamba, imesokotwa, haivutiki. Nailoni huvutika kama mpira, na ikinasa kwenye upinde humrudishia mpigaji mshale wake. Kwa hiyo kila mshale Mashavu huujaribu kwanza mchangani, na kamba yake, ndipo amkabidhi mvuvi.

Mwaka juzi, mkesha wa Idi, Mashavu alikuwa kwenye mwani. Kamba ya pamba ilikuwa imekwisha. Ayoub aliukuta mshale mpya ukutani, akaufunga nailoni, akaenda kutafuta kitoweo cha sikukuu. Alipopiga mara ya kwanza nailoni ikanasa, mshale ukarudi. Jicho la kulia likaenda hivyo.

"Hakunilaumu," anasema Mashavu. "Kaniambia, 'Mama Ilham, nlikuwa na haraka kidogo tu.' Neno hilo ndilo linaloniliza mpaka leo."

Ilham ni binti yao. Siku hizi Ayoub humsaidia mkewe kuanika mwani, na wenzake wakipita na pinde zao huitikia salamu akitazama chini. Inauma kumwona. Jicho moja halimpimii masafa: akinyoosha mkono kuchukua kijiko, hushika hewa.

Kila jioni huomba mshale. "Kule mwambani wanasimama karibu karibu," Mashavu anaeleza. "Akikosea, utaingia kwenye mguu wa mtu." Basi amempa sharti moja: siku atakayomimina chai isimwagike, atampa.

Ayoub hajui kwamba mshale wenyewe upo tayari. Umeviringishwa kwenye kanga nyuma ya mlango, una kamba ya pamba, na mchangani umeshajaribiwa.

"Nnamwombea aupate," Mashavu ananong'ona. "Mimi mwenyewe nshachoka kumnyima."

Ayoub ananyanyua birika tena, taratibu. Safari hii chai inaingia kikombeni. Mwishoni tu matone machache yanaangukia mkekani.

"Mama Ilham, leo kidogo tu."

Mashavu anautazama mlango, kisha mkeka. Macho yanamjaa maji.

"Na siku ile haraka ilikuwa kidogo tu, Baba Ilham," anasema kwa upole, akimsogezea kikombe kingine. "Mimina tena."