Niliomba magunia ya chupa yafunguliwe mbele ya diwani, la tatu likawa la nyumbani kwetu

Mwangaluka wakuu, na wale wa jioni mtajisalimia wenyewe.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jambo hili limekaa kifuani na halitoki. Sijaongeza chumvi. Pale ninapojiaibisha nimeacha vilevile.

Niko Bariadi, pembeni ya mji. Kata sitaitaja, wa huku mtaielewa.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili, na shule ikaishia hapo. Nilibaki na wadogo zangu wawili, Minza na mdogo wake. Hatukugawanywa kwa ndugu. Nilikataa. Nililima pamba, nikabeba mizigo mnadani, tukakua pamoja.

Sasa tuje kwenye stori yenyewe.

Kata yetu ilipata fungu kidogo kutoka halmashauri kwa ajili ya mradi wa recycling. Tulipewa uwanja nyuma ya ofisi ya kata, banda la mabati na mashine ya kubana chupa za plastiki. Kikundi chetu kilikuwa akina mama wanane na mimi. Wakanichagua mwenyekiti, nadhani kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nafika asubuhi kabla ya wote.

Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Mwananchi analeta gunia la chupa, tunalimwaga kwenye turubai mbele yake, tunachambua kwa mkono. Safi huku, chafu kule. Ndivyo wazee wetu walivyochambua pamba, safi upande mmoja na pamba fifi upande mwingine. Hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Shida ikawa foleni. Siku ya kupokea watu walijaa hadi barabarani, wakalalamika kwa diwani kwamba tunawachelewesha.

Kamati ya Maendeleo ya Kata ikakaa. Uamuzi ukatoka kwamba magunia yasifunguliwe tena. Yaje yameshonwa, yapimwe kwenye mizani na karani wa kata, mtu alipwe kwa kilo aondoke. Sisi kikundi tubaki nyuma na kazi ya kuosha na kubana.

Nilisimama nikawaambia, waheshimiwa, gunia lililoshonwa mkilipima bila kulifungua mtaletewa mchanga.

Mtendaji wa kata ni kijana msomi, mtu wa utani. Akaniuliza, "Mwenyekiti, una ushahidi gani?"

Nikamjibu, "Mtendaji, hapa ni kwa wakulima wa pamba."

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka. Uamuzi ukapita.

Hapa nisimame kidogo kwa wale wasiolima pamba. Zamani kwenye ununuzi, wajanja walikuwa wanatia maji na mchanga katikati ya gunia ili lipande uzito. Kila mtu huku anajua na kila mtu anamsema jirani. Hutasikia mtu akisema ni yeye.

Basi. Miezi miwili mambo yakaenda vizuri sana. Foleni ikaisha, stoo ikajaa magunia hadi kwenye mabati. Diwani akawa anapita na wageni kuwaonyesha.

Kisha mnunuzi wa kutoka Mwanza akaleta lori. Vijana wake wakafumua magunia kadhaa kabla ya kupakia.

Wakuu, katikati ya chupa nyepesi kulikuwa na chupa zilizojazwa mchanga na maji, zikafungwa vizibo vizuri kabisa. Mnunuzi hakugomba. Aligeuza lori lake likaondoka tupu.

Wiki hiyohiyo tukasikia kwamba kamati inataka kufunga mradi. Uwanja apewe mfanyabiashara mmoja aweke mbao zake. Akina mama wanane walikuwa wanaendesha nyumba zao kwa uwanja ule. Na mimi pia, mdogo wangu wa mwisho bado yuko shule.

Siku ya kikao walikuja palepale uwanjani: diwani, mtendaji, wajumbe, na wananchi wa mtaa mzima wakasimama pembeni. Mjumbe mmoja akasema wazi kwamba kikundi ndicho kilichoshirikiana na wezi.

Hilo liliniuma. Nikaomba nafasi.

Nikasema, magunia yaliyobaki stoo yafunguliwe yote, hapahapa, mbele ya watu. Magunia hayana majina, lakini kila mtu huku ana mshono wake, na wapo wanaoujua. Yenye mchanga tujue ni ya nani. Mkikuta la mwanakikundi, fungeni mradi, chukueni uwanja, sitasema neno.

Diwani akakubali. Turubai likatandikwa.

Gunia la kwanza, safi. La pili, mchanga. Mwenyewe akajulikana na watu wakamzomea, akaondoka akitazama chini.

La tatu nililivuta mwenyewe.

Nilipotaka kufumua mdomo wake, nikauona mshono.

Mama yangu alikuwa na namna yake ya kushona gunia. Shazia, ile sindano ya magunia, inapita mara mbili kila tundu, kwa uzi mwekundu aliofumua kwenye sweta kuukuu, na mwisho mafundo mawili yaliyobanana. Pale chama cha msingi tulikouza pamba magunia yetu yalijulikana kwa mbali. Mama amekufa, ule uzi umeisha siku nyingi, lakini mshono niliokuwa nauangalia ulikuwa ni uleule, kwa uzi mwekundu mpya.

Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki anashona hivyo. Minza.

Nilikuwa nimemkataza kuuza chupa kwetu, watu wasije wakasema mwenyekiti anajipendelea. Kumbe alikuwa anaokota chupa mnadani na kupitisha gunia lake kwa jina la jirani, na mimi nikiwa nyuma naosha.

Kando yangu alikuwepo Mama Holo, mkubwa kuliko wote kikundini. Alimjua mama, na mshono aliuona. Akaninong'oneza bila kunitazama, "Nyanda, kijana wangu, weka hilo pembeni. Fungua jingine."

Wakuu, nitawaambia ukweli. Niliwaza kufanya hivyo. Zaidi ya Mama Holo, hakuna pale aliyeonekana kuutambua mshono ule.

Lakini ni mimi niliyeomba yafunguliwe. Yule aliyezomewa alikuwa hajafika hata barabarani.

Nikafumua, nikamwaga. Chupa zikasambaa kwenye turubai, na katikati yake zikadondoka zile nzito. Zikalala pale zilipoangukia.

Nikasema, "Gunia hili ni la kwetu."

Minza akatoka katikati ya wanawake waliokuwa wamesimama kwenye uzio. Nilitegemea atalia au atakimbia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuja mpaka kwenye turubai, akanitazama kama mtu anayeuliza jambo asilolielewa kweli.

"Kaka, nimekosea wapi? Si wewe ulinifundisha kwenye pamba? 'Katikati, Minza. Pembeni wanashika.' Ulisema hivyo."

Hapo nikakumbuka.

Msimu wa kwanza baada ya kumzika mama tulivuna kidogo mno. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, yeye tisa. Nilimpa kopo ashike. Nikanyunyiza maji, nikatia mchanga katikati, mnunuzi asipopapasa, nikamwambia maneno hayohayo, kisha akashona yeye kwa sababu ndiye aliyerithi mkono wa mama. Gunia lilipita. Tulikula.

Mimi nilisahau. Au nilijifanya nimesahau, nikayaita mambo ya shida. Miaka yote hii najisifu kwamba nimewalea wadogo zangu kwa jasho safi. Yeye hakusahau hata neno moja. Alilichukua kama vile mtoto anavyochukua namna ya kusonga ugali.

Nikageuka kwa wajumbe. Nikasema, "Ni kweli. Nilimfundisha mimi."

Mtendaji akanigeukia. Akasema taratibu, "Kumbe siku ile ushahidi ulikuwa nao."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kamati ikaingia ofisini. Sisi tukabaki nje tumekaa kwenye magunia. Minza alikaa chini akaanza kuzitenga zile chupa nzito, anamwaga mchanga, anarudisha chupa upande wa safi. Hakuna aliyemtuma.

Walipotoka, diwani alisoma uamuzi. Mradi hautafungwa kwa sasa. Minza si mwanakikundi, kwa hiyo wakaona ile ahadi yangu ya kufunga mradi haimgusi. Magunia yote yatamwagwa kwenye turubai na kuchambuliwa kama mwanzo, hata foleni iwe ndefu kiasi gani. Mwenyekiti abadilishwe. Mama Holo akachukua nafasi, nami nikabaki mwanachama wa kawaida.

Hakuna aliyekumbuka kwamba turubai nililitetea tangu mwanzo. Na mimi sikuwa na mdomo wa kukumbusha.

Mnunuzi amesharudi mara moja. Alifumua magunia kumi, akapakia yote.

Nilichojifunza ni hiki. Viongozi wetu wakitaka mradi wa wananchi uende, wasiogope foleni, waogope gunia lililofungwa. Na sisi tunaolea wadogo zetu, tuwe na adabu hata siku za njaa. Mtoto hajui kwamba hiki umekifanya kwa shida na kile kwa kawaida. Kwake yote ni mafundisho.

Siku hizi Minza analeta gunia lake kwa jina lake na kulimwaga mwenyewe. Mshono ni uleule wa mama. Sikumwambia abadilishe.

Lakini lile swali lake, nimekosea wapi, bado sijamjibu. Tunakula sahani moja kila jioni na sijapata maneno. Yeye hajauliza tena.

Mliolea wadogo zenu, nisaidieni. Mngemwambia nini? Nasoma kila mtakachoandika, hata cha kunisema. Wabheja sana.