Majogoo wa Muuza Vitumbua

Kila jioni muuza vitumbua wa Masoko huwaingiza majogoo wake kwenye matenga mafupi ya samaki, wasipate nafasi ya kunyoosha shingo na kuwika, kisha huyafunika kwa viroba vilivyofungiwa mitumba. Alfajiri hukoroga unga taratibu, na mteja akipaza sauti huambiwa kwa kunong'ona, “Nesi amelala.” Restuta, nesi mwenyewe, jirani yake wa ukuta mmoja, hajawahi kumwomba hivyo, siku moja tu alipiga miayo akinunua vitumbua. Jana alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, amejilaza, majogoo wote wakawika. Akatoka mbio bila viatu. Mama wa watu alikuwa chini kando ya matenga matupu, anatetemeka kwa homa, kiroba mkononi. “Nisamehe, mwanangu,” akasema. “Nimekuamsha.”