Leo Sikushushi

Mimi nina hasira za karibu. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa mchimbaji wa dhahabu kule Nyarugusu, nilikuwa nazionea fahari kabisa, nikidhani ndizo zinazofanya watu waniheshimu.

Tulikuwa watano kwenye duara moja, shimo jembamba lililokwenda chini mpaka mwanga wa jua unabaki kama sahani juu ya kichwa chako. Kushuka kulikuwa hivi: unakalia kijiti kilichofungwa kwenye ncha ya kamba, kamba imezungushwa kwenye gogo la winchi, na mwenzako anaiachia kidogo kidogo mpaka miguu yako iguse chini. Tulipokezana. Leo nakushika mimi, kesho unanishika wewe.

Mmoja wetu alikuwa Mkristo aliyetokea upande wa Bugarama, amenizidi miaka kama kumi. Tulimwita Mtumishi, kwa kumtania. Kilichoniudhi ni kwamba hata hakutuhubiria. Angehubiri, ningepata la kumjibu. Yeye alikuwa anapita kwa kila mtu asubuhi, "Mwangaluka," salamu ya kwao ya asubuhi, hata kwa aliyemtukana jana yake, kisha anafunga tochi kichwani na kuanza kazi.

Ikatokea wiki nzima mawe hayana kitu. Tukaleta mganga na kuku mweusi. Mtumishi alimwamkia mganga kwa heshima zote, akasema yeye hawezi kushiriki, akaenda kukaa pembeni kunoa tindo zake. Dawa ikafanyika, na mawe yakaendelea kuwa mawe matupu. Mimi nikatangaza kwamba aliyeharibu dawa ni yeye. Wenzangu wakaafiki haraka, maana ilibidi apatikane wa kulaumiwa.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu kumshusha. Alipofika kama katikati, nikaiachia kamba makusudi. Ilikimbia urefu wa mtu mzima hivi, kisha nikaibana. Nikasikia bega lake likigonga magogo yanayozuia kuta za shimo. Halafu kamba ikavutwa mara mbili, ishara ya kusema endelea.

Msimamizi wetu, Mwislamu wa Kigoma mwenye sauti kubwa, aliuliza kulikoni. Nikasema imeteleza.

Mchana Mtumishi alipanda, bega limechubuka, shati limegandia damu. Nilikaa tayari kwa ngumi. Akaninawisha mikono kama kawaida yake, tukala ugali na dagaa. Alipoondoka nikawasimulia wenzangu wawili nilivyomtisha mlokole, wakacheka hadi machozi. Mimi nilicheka pia, ila ugali ule haukunishuka vizuri.

Asubuhi iliyofuata zamu iligeuka: mimi wa kushuka, yeye wa kushika kamba. Nilikalia kijiti, miguu ikining'inia shimoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili tu. Ama atalipiza, ama atanipa lile tabasamu la watu wa kanisani ambalo lingenikera kuliko kulipiza.

Akaifunga kamba kwenye nguzo.

"Toka," akaniambia. "Leo sikushushi."

Msimamizi akaja juu. "Kuna nini tena? Kazi imesimama!"

"Nina hasira na huyu," Mtumishi akasema, kwa sauti ileile ya kusalimia. "Nimelala nayo, nimeamka nayo. Nimeomba asubuhi, bado ipo. Mikono yangu leo siiamini. Mpeni mtu mwingine amshike."

Nilipigwa na butwaa. Sikuwahi kusikia mtu mzima, mwanamume, mbele ya wanaume wenzake, akisema haiamini mikono yake mwenyewe. Sisi wenye hasira hatusemi hivyo. Tunakaa nazo, tunasubiri kamba iwe mkononi mwetu.

Msimamizi akawageukia wale wawili waliocheka nami jana. "Nani atamshusha?"

Mmoja akatazama chini. Mwingine akajikuna shingo, akasema, "Kusema kweli, juzi alinitukania mama. Na mimi nisiseme uongo."

Hapo ndipo nilipotishika hasa. Nilikuwa nimeshushwa na watu hawa karibu kila siku, mwaka mzima, nikiamini wananiheshimu. Kumbe nilikuwa nikining'inia kwenye mikono ya watu niliowaudhi wote, na hakuna aliyewahi kuniambia. Aliyeniambia ni yule mmoja niliyetaka kumuumiza.

"Haikuteleza," nikajikuta nasema. "Niliiachia mwenyewe."

Msimamizi alitukana kwa Kiha. Akaniambia nikusanye vyangu niondoke. Mtumishi akamwinulia mkono anyamaze, akaniuliza, "Ulitaka nife?"

"Nilitaka uogope, kaka."

"Niliogopa. Nina watoto wanne. Niliwataja wote kwa majina kabla kamba haijabana."

Nililia pale pale, na wala sioni aibu kuandika hivyo. Nikamwomba msamaha. Hakuharakisha kunipa. Alikwenda kwenye pipa, akanawa uso, akakaa juu ya viroba vya mawe muda mrefu, kichwa kimeinama. Sisi wengine tulisimama tu, hakuna aliyegusa nyundo. Jua lilikuwa limeshapanda aliporudi.

"Imepungua," akasema. "Kaa."

Akanishusha polepole kuliko siku zote.

Kuanzia hapo pakawa na desturi kwenye duara letu. Mshika kamba haishiki kabla hajaulizwa na anayeshuka: "Una neno na mimi?" Hata msimamizi aliuliza. Mara nyingine tulikaa nusu saa tukizozana kabla mtu hajashuka, na watu wa maduara ya jirani wakatucheka. Mtumishi hakuwahi kutuagiza tufanye hivyo.

Lakini kilichonimaliza kilikuja siku moja tu baada ya yeye kunishusha. Zamu yangu ya kushika ilifika, na wa kushuka ni yeye. Msimamizi alikwishamwita mtu mwingine.

"Mwache ashike," Mtumishi akasema. Akakalia kijiti, bega bado limefungwa kitambaa, akanitazama usoni. "Una neno na mimi, mdogo wangu?"

"Sina, kaka."

Akajiachia, uzito wake wote ukaingia mikononi mwangu. Nilishusha taratibu mno, mpaka akapaza sauti kutoka gizani, "Tutafika leo kweli?" Wenzangu wakacheka. Mimi sikuweza. Viganja vilikuwa vimelowa jasho. Majina ya watoto wake sikuyajua, kwa hiyo niliwahesabu tu kimoyomoyo, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, nikirudia tena na tena, mpaka kamba ikalegea na nikajua miguu yake imegusa chini.